Kambi haina uzio, na kiboko "anakula majani tu": twende Rufiji na watoto au tuache?

*"Shikamoo mzee wangu. Sisi tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Kaka yangu ametulipia kambi ya mahema kando ya Mto Rufiji, upande wa Mloka, usiku tatu mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 13, 8 na 4, na mama mkwe ana miaka 68, ana presha. Watoto wanaulizia kuogelea tu. Mume wangu anasema kwenye mchanga maji ni ya magotini, mamba hana pa kujificha, na kiboko anakula majani, hana haja na mtu. Nimepiga simu kambini wakaniambia hakuna uzio na ni kawaida. Tangu hapo silali vizuri. Tena pesa ya kuingia Hifadhi ya Nyerere kila siku hatuna. Tukibaki kambini kuna cha kufanya, au tutakuwa tumekwenda kutazama maji? Nimwambie kaka arudishiwe hela?"*

Marahaba mwanangu. Hela isirudishwe, nendeni. Ila usiende ukiwa umemeza maneno ya mumeo, maana katika yale mawili aliyosema moja ni kweli nusu na lingine si kweli kabisa. Wanaume wengi wa mjini niliowapokea pale mtoni wamekuja na hayo hayo, kwa hiyo usimwonee.

Tuanze na kiboko, kwa sababu ndiye anayekunyima usingizi hata kama hukumtaja kwa nguvu. Ni kweli anakula majani. Mchana kutwa anakaa majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua, inakauka na kupasuka. Jua likizama anatoka kwenda malishoni, anatembea hata kilomita kadhaa, anakata nyasi usiku kucha, na kabla hakujapambazuka anarudi majini. Ana njia zake, tena anazipita hizo hizo kila siku mpaka zinakuwa kama mitaro miwili midogo yenye tuta katikati. Ukifika kambini mwombe mwenyeji akuonyeshe moja. Watoto wataipenda, na wewe utaelewa jambo zima kwa macho.

Kiboko hamfuati mtu ili amle. Anachokifanya ni kukimbilia maji anaposhtuka. Maji ndiyo kwao, ndiko anakojiona salama. Ukikutana naye nchi kavu na wewe umesimama upande wa mto, basi umesimama mlangoni kwake. Ana tani moja na nusu au zaidi, anakimbia kuliko wewe na mimi, na hakwepi kitu. Majini kuna sababu nyingine: dume lina kipande chake cha mto na linakilinda, na jike lenye mtoto halitaki chombo kikaribie. Akipanua kinywa hapigi miayo, anakuonyesha meno. Kwa hiyo mumeo amepatia chakula cha kiboko, akakosea tabia yake.

Sasa uzio. Watu wa mjini tumezoea kwamba ukuta ndio usalama, lakini porini kando ya mto jambo lina upande wa pili. Uzio wa miti tembo hauoni, na kiboko anaupita kama pazia. Ukiweka kitu cha nguvu kweli kweli ukakosea mahali, umewazibia njia, na siku mnyama akiingia ndani hajui pa kutokea, amefungiwa na nyie humo humo. Ndiyo maana kambi nyingi za Rufiji ziko wazi: mnyama anaingia, anakula nyasi, anatoka. Kinachokulinda ni vitu viwili, hema lililofungwa zipu na askari wa usiku. Hema lililofungwa mnyama analiona kama kichuguu au jiwe. Utamsikia kiboko akikata nyasi nje, *kwrap, kwrap*, karibu kabisa na kitanda, na usiku wa kwanza hutalala. Wa pili utalala.

Hatari inaanza mtu anapofungua zipu. Kuna mgeni wangu mmoja, mtu mzima na akili zake, alitoka saa tano usiku na simu mkononi kutafuta mtandao. Mwanga wa simu ulimwonyesha kioo tu. Alipoinua uso, kiboko alikuwa upande wa pili wa mti mmoja. Aliganda, na kuganda ndiko kulikomwokoa, mnyama akajiendea zake. Tangu siku ile simwambii mgeni "uwe mwangalifu usiku". Namwambia: giza likiingia, hata hatua tatu kwenda hema la jirani unaita askari kwanza. Makambini huwa kuna tochi ya kuwashawasha, filimbi au redio ya kumwita. Ulizia ni ipi, na uijaribu mchana. Wanaosema moto unawafukuza viboko nao usiwategemee. Nimewaona wakila nyasi wakati makaa bado yanawaka.

Kwa familia yako hapo kuna mambo mawili ya kusema na kambi kabla hamjatoka Dar. La kwanza, wa miaka 8 na wa miaka 4 walale hema moja na mtu mzima, wasipewe hema lao hata wakililia. La pili ni mama mkwe. Baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo, na mtu wa umri wake anaamka mara mbili tatu usiku. Hema lake lazima liwe na choo ndani, la nyuma lililofunikwa au lenye mlango wa humo humo. Kama choo chao ni cha kutembea hatua ishirini gizani, ombeni ndoo yenye mfuniko bila kuona haya. Asibadilishe saa za kumeza dawa kwa kubahatisha. Amwone daktari wake kabla ya safari, amuulize hilo pamoja na mwendo mrefu wa barabara mbovu.

Na matunda msiyaweke hemani. Tembo ananusa chungwa lililofichwa kwenye begi kutoka mbali sana, na zipu haimzuii.

Kwa mamba ndipo namkatalia mumeo moja kwa moja. Maji ya Rufiji ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya tope, huoni hata mguu wako mwenyewe. Mamba wa mita tatu analala ndani ya maji ya magotini na kinachobaki juu ni pua na macho, tena akitaka anazamisha na hivyo. Kilindini si mahali pake pa kuwinda. Mawindo yake yako ukingoni, kwenye maji machache, pale mnyama anapoinamisha kichwa kunywa. Na ule mchanga mzuri ambao watoto wataukimbilia ndipo anapoota jua asubuhi, kwa kuwa mwili wake hauna joto lake mwenyewe. Humo mchangani ndimo anamotagia.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba mamba anajifunza. Ukija kuchota maji sehemu moja, saa ile ile, siku ya kwanza anasikia, siku ya pili anasogea, na siku ya tatu yupo. Watu wa vijiji vya mtoni wanalijua hilo kwa uchungu, maana wamezika ndugu. Mahali pengine utaona wamechomeka miti ndani ya mto kuzunguka sehemu ya kuchotea, ili mama na ndoo yake asikutane na kitu. Kwa hiyo kwenye kuogelea jibu ni hapana, na sina "ila". Hata kunawa mikono ukingoni, hapana. Kutundika miguu nje ya boti, hapana.

Kama mamba asingekuwepo bado ningesema hapana. Michanga ya Rufiji inahama. Unatembea kwenye maji ya vifundoni, hatua inayofuata ni shimo. Mto huu unakusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, bonde la kilomita za mraba kama 177,000, hivyo mto unaweza kupanda kwako jua likiwaka kwa sababu mvua imenyesha mbali huko juu. Tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji yanapitia kwanza kwenye mitambo na mageti ya bwawa, na wazee waliozoea kusoma mto kwa miezi ya zamani wanajifunza upya. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti nadhani uliyaona kwenye taarifa za habari. Juni hali huwa imetulia, hilo lisikutishe.

Kwenye maji yaliyosimama, vidimbwi na mikono ya mto iliyokatika, kuna konokono wa kichocho. Kimelea chake kinapenya ngozi nzima bila kidonda, huhisi chochote. Ikitokea mtoto ameponyoka na kuchezea maji hayo, usihangaike siku hiyo hiyo. Mpeleke akapimwe baada ya wiki sita hadi nane, vipimo vya mapema vinaweza visione kitu. Dawa ipo na ni rahisi.

Kwa hiyo waambie watoto kabla hamjaondoka nyumbani kwamba kuogelea mtoni hakupo, wasije wakavunjika moyo mkiwa huko. Uliza kambi kama ina bwawa la kuogelea, baadhi zinalo. Na ndani ya hifadhi, karibu na Ziwa Tagalala, kuna chemchemi za Maji Moto. Juu maji yanaunguza, chini kuna vidimbwi vilivyopoa kidogo ambavyo watu huingia, kwa ruhusa ya mwongozaji aliye nanyi na baada ya yeye kuvikagua. Yananuka kiberiti, watoto watacheka.

Sasa kuhusu kutazama maji. Mwanangu, nimeishi na mto huo, na kutazama maji ni kazi ya kutwa.

Kama mna pesa ya jambo moja tu, liwe boti. Mtoke saa kumi jioni au alfajiri, mkae mtoni kwa muda wa saa mbili. Waulize wazi: boti inabaki nje ya mpaka wa hifadhi au inaingia? Ikiingia, kiingilio kinalipwa kama umeingia kwa gari. Ikibaki nje mnalipia boti peke yake, na mto haujui mpaka uko wapi: viboko, mamba na ndege wako pande zote mbili. Kuna kingo za mchanga zilizotobolewa matundu mamia kama chujio, humo wanaishi keremkerem, ndege wala nyuki. Kuna mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mbawa, kisha anajitupa kichwa chini. Kuna furukombe, yule tai mla samaki, juu ya mvumo, mti mrefu wa jamii ya minazi, na mlio wake ukiusikia mara moja huusahau. Mivumo yenyewe, mirefu, shingo imevimba katikati, mingine imebaki gogo tupu ndani ya maji, ndiyo picha ya Rufiji iliyoko kichwani mwangu nikiwa mbali.

Nahodha mzuri utamjua kwa vitu vidogo. Kila mtu anavaa boya kabla injini haijawaka, na mtoto wa miaka 4 analetewa la saizi yake. Wakisema hawana dogo, huyo mtoto abaki na bibi. Anagonga ubavu wa boti akikaribia kona, ili viboko waliozama waibuke ajue walipo. Hapiti kati ya kiboko na kina, anamwachia kilindi. Akiona mstari wa mapovu unakuja, anaondoka bila kubishana. Mkipata anayesogea mpaka kiboko apanue kinywa ili mpige picha nzuri, mwambieni arudi. Msione aibu, ni pesa yenu.

Hifadhi yenyewe, Nyerere, ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kwa hali yenu ningeingia siku moja tu, lakini nzima: langoni Mtemere mapema kabisa, chakula kwenye hotpoti, mtoke jua likielekea kuzama. Kuingia siku mbili nusu nusu ni kulipa mara mbili kwa kuona kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi, raia wana bei yao, na malipo hayapokelewi kwa noti mkononi, hivyo kambi iwaandalie namba ya malipo siku moja kabla, na mbebe vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nikuambie ukweli kuhusu Juni: nyasi bado ndefu na maji yako kila mahali, wanyama hawajajikusanya maziwani kama Septemba na Oktoba. Simba mnaweza kumkosa. Mbwa mwitu, ambao pori hili ni moja ya ngome zao kubwa Afrika, ni bahati. Twiga mtawaona wengi upande huu wa kaskazini, na mwambie wa miaka 8 kwamba ng'ambo ya kusini hawapo, mto umewazuia. Huko huko hifadhini, mahali paitwapo Beho Beho, kuna kaburi la Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa kwa risasi pale Januari 1917, vita vya kwanza vya dunia. Kwangu mimi ni kituo cha dakika kumi.

Safari ya miguu na askari mwenye bunduki mumeo ataitaka. Aende na wa miaka 13 kama kambi itakubali. Nyingi zinaanzia miaka 12, nyingine 16. Wengine mbaki.

Kitu ambacho ningewalazimisha, na karibu hakuna anayekiomba, ni asubuhi moja kijijini Mloka na mtu wa pale. Waombe wawaonyeshe mlau, yaani kilimo cha kufuata maji: mafuriko yakishuka yanaacha tope lenye rutuba, na mkulima anapanda juu ya unyevu huo bila kungoja mvua. Waulize kuhusu dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambamo mtu analala akilinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko. Zamani watu waliishi hivyo hivyo bondeni, mpaka Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 ilipowahamishia nchi ya juu. Mama mkwe atawapata wenzake wanaosuka mikeka ya ukindu, na hapo ndipo atakapokuwa mwenyeji kuliko nyie wote. Nunueni mkeka kwa msukaji mwenyewe. Na wa miaka 13, ambaye Vita vya Maji Maji anavisoma darasani, ajue kwamba Kinjikitile alitoka Ngarambe, bonde hili hili, na maji ya dawa aliyowagawia wapiganaji yanahusishwa na mto huu. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905.

Barabara: kutoka Dar mpaka Kibiti ni lami, kama kilomita 140. Mkiiacha lami kushika magharibi kwenda Mloka, ni vumbi na makorongo zaidi ya kilomita mia. Si lazima liwe shangingi kwa Juni kavu, lakini gari la chini litawatesa, na mvua ya siku mbili inaligeuza lile tope jeusi kuwa sabuni. Jazeni mafuta Kibiti. Tokeni Tabata saa kumi na moja alfajiri, msiipite foleni ya Mbagala mkiwa mmechelewa, ili mfike na jua. Usiku barabara ile ni ya wanyama.

Mbung'o mtakutana nao zaidi ndani ya hifadhi kuliko kambini. Wanapenda bluu iliyokolea na nyeusi, na wanafuata gari linalotembea. Jinzi na fulana nyeusi ziacheni nyumbani, vaeni rangi ya udongo. Dawa ya kupaka inawasaidia kidogo tu. Wanauma kama sindano, na mara chache sana huambukiza malale. Ukiona mahali walipouma pamekuwa uvimbe mwekundu unaouma, kisha homa ikafuata siku au wiki zinazokuja, nenda hospitali na uwataje mbung'o kwa jina, la sivyo daktari wa mjini hataliwaza.

Malaria ndiyo ya kuiogopa kuliko mamba, kwa sababu mamba mtamkwepa na mbu hamtamkwepa. Chandarua kila usiku, mikono mirefu kuanzia magharibi, dawa ya kupaka. Watoto wa Dar wa siku hizi hawana kinga kama ya bibi yao. Muulize daktari kuhusu dawa za kujikinga kwa wa miaka 4 na kwa mama mkwe, maana zinaweza kugongana na za presha. Malaria ya Rufiji haitajitokeza mkiwa bado Rufiji, inachukua wiki moja au zaidi. Kwa hiyo mwezi mzima baada ya kurudi, homa yoyote ya mtoto si ya "mafua" mpaka ipimwe, siku hiyo hiyo. Na kabla hamjaondoka ulizeni kambi kituo cha afya cha karibu ni kipi na usiku gari la kumtoa mgonjwa ni lipi. Aliyeumwa na nyoka hafungwi kamba wala hachanjwi chale kwa wembe. Anatulizwa, asitembee, anapelekwa hospitali.

Ni lini nitakuambia mwache? Wakisema askari wa usiku hayupo, au yuko mmoja kwa mahema ishirini. Wakisema maboya wanayo "machache". Wakikujibu kwa kicheko ulipouliza choo cha mama mkwe. Lolote kati ya hayo, kaka achague kambi nyingine, ziko kadhaa ukanda ule.

Na mbebe masweta. Alfajiri ya Juni ndani ya boti ina baridi ambayo mtu wa Tabata haijui. Mkiwahi kutoka kabla ya jua, tazameni mashariki: kilimia, kile kikundi cha nyota, kitakuwa kimeshapanda.